Fulana ya Sufu ya Gaston Verhulst

Baada ya miaka thelathini na saba kwenye ghorofa ya tatu ya maabara yetu hapa Gent, Gaston Verhulst anastaafu tarehe 31 Machi 1989. Sisi wa chumba cha kuoshea chupa tumeombwa tumwandikie, labda kwa sababu ndiko alikotukana zaidi.

Alikuja kuziba bomba linalovuja. Akapewa kahawa, hakuondoka tena. Akajifunza kufuga bakteria, kisha kufuga virusi vinavyowaua bakteria hao, maana kazi ya ghorofa ni kusoma jeni za virusi na kuona zinavyoagiza protini. Kirusi hakijui kujipikia. Kinaingia ndani ya bakteria na maagizo yake, mwenye nyumba anakipikia mpaka anapasuka. Gaston alisema anavifahamu vizuri, ana mashemeji wa namna hiyo.

Sheria yake kuu ilikuwa hii: aliyetoka chumba cha virusi haingii cha bakteria bila kunawa na kubadili koti. Mkosaji huwanunulia wote viazi vya kukaanga. Madaktari wengi wametulisha.

Majira ya baridi ya 1971 ghorofa ilikaribia kufungwa. Profesa Hadewych Lammens alikuwa na kirusi chenye kasoro: katikati ya jeni ya gamba lake palikuwa na alama ya kusimama, hivyo protini ilikatika njiani na gamba halikuundwa. Kilizaana tu ndani ya bakteria fulani wazembe, wanaoipita alama hiyo kama hawaioni. Ili kuthibitisha kwamba kosa ni alama ile, alihitaji kirusi kilichojirekebisha chenyewe. Alitafuta, hakukipata. Wakubwa wakasema jibu lisipopatikana kabla ya Pasaka, ghorofa watapewa watu wa magonjwa ya viazi.

Juu ya hayo, Jumatatu moja tulikuta chupa za bakteria wa kawaida, ambazo maji yake hutakiwa kuwa meupe kama ya mchele, zinang'aa kama jenever, pombe kali yetu isiyo na rangi. Bakteria wote wamekufa. Gaston akasimama mlangoni.

“Nani kaingia humu na uchafu wake? Wewe mla vitunguu? Onyesha mikono.”

“Nimenawa, Gaston,” akajibu mmoja wetu.

“Umenawa kama paka.”

Profesa akapitisha pamba kwenye kila kitu, vitasa, ndoo zetu, hata ndevu za watu, akazigusisha kwenye sahani za bakteria. Kesho yake sahani moja tu ilijaa matundu, ndiyo dalili ya virusi.

“Gaston, vua fulana.”

“Koti nilibadili, Profesa.”

“Na chini ya koti?”

“Hii kafuma mke wangu Lutgart. Haifuliwi, inaharibika.”

“Vua, mzee. Na viazi utanunua wewe.”

Alinunua, akala huku kanuna. Lakini Profesa alikuwa ameanza kuwaza: kirusi gani hiki kinachoua bakteria wa kawaida? Akakipima. Kilikuwa kile chetu, protini yake imerudi nzima, na palepale alama ilipokuwa pamekaa kiungo kimoja kigeni cha protini, ndio uthibitisho uliotafutwa. Kilikuwa kimejirekebisha, kikajificha kwenye sufu. Pasaka ilitukuta bado tuko ghorofa ya tatu.

Fulana iliwekwa ndani ya mtungi uliozibwa, juu ya kabati la Profesa katika chumba cha virusi. Gaston aliidai kila mwaka. Jibu lilikuwa sheria nyingine yake mwenyewe: kitu hakitoki chumba cha virusi bila kupikwa kwa mvuke, na mvuke huharibu sufu. Nyumbani alimwambia mkewe aliisahau kwenye tramu. Bi Lutgart, uliyekaa mstari wa mbele, sasa umejua.

Wiki iliyopita tuliipika. Sufu ni sufu. Imetoka ngumu kama soli ya kiatu, haimtoshi hata mjukuu. Tumeivalisha chupa ya jenever, imeikaa sawasawa.

Gaston, asante kwa matusi na kwa kutubakizia kazi. Kaa nyumbani kwa amani na afya, na fulana hii usiifue.