Swichi Ambayo Philip Hakuizima

Wachungaji, wazee, majirani wetu wa Kalimoni na wageni mliofika kutoka Thika na Ruiru, familia imemwachia Kaleli, kaka mkubwa wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, mama yake ameisikiliza yote kabla ya leo, na amekataa mstari wowote upunguzwe.

Marehemu Mwongeli Mwangangi alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 mtaa wa Landless, Thika, mtoto wa tatu wa Mzee Mwangangi na Mama Nzisa. Alianza shule ya msingi hapo Thika mwaka 1991, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002, na chuo hakukanyaga, kompyuta alijifundisha mwenyewe kwenye saiba, duka la intaneti, alikoajiriwa kufagia, akifungua mashine zilizokufa mpaka zikafufuka, na aliyemwuliza cheti kiko wapi alijibiwa, "Leta mashine iliyokushinda."

Tarehe 3 Oktoba 2011 aliajiriwa na kampuni moja ya Ruiru inayotengeneza mitambo ya kupozea maziwa, kazi yake ikiwa kukagua kerneli, yaani moyo wa programu unaoendesha kompyuta ya mtambo, hasa sehemu inayoandika logi, lile daftari la ndani linaloweka kila tukio na saa yake. Alikuwa mkali wa kazi, hasira karibu, hakujua kuzungukazunguka, na alipenda kusema kwamba watu hudanganya lakini logi haidanganyi.

Alifunga ndoa na Peter Gachau tarehe 11 Desemba 2010, wakaishi Membley, wakajaliwa Nyawira mwaka 2012 na Kiama mwaka 2015, na mwaka 2018 wakanunua shamba hili la Kalimoni tulimosimama.

Sasa tumefika mahali ambapo historia nyingi huruka.

Tarehe 18 Februari 2021 Mwongeli alipitisha mabadiliko katika programu ya logi, na mwenzake mdogo kazini, Githinji, akamwuliza, "Madam, na upande mwingine ukisoma kabla huu haujamaliza kuandika?" naye akamjibu, "Kijana, jifunze kusoma kwanza, halafu uulize," watu wakacheka, kazi ikapita.

Tarehe 6 Juni 2022 maziwa ya chama chetu cha wafugaji hapa Kalimoni yaliharibika yote ndani ya mtambo wa kampuni hiyo, na logi ikaonyesha kwamba swichi ilizimwa kwa mkono saa nane mchana, basi Mwongeli akasimama kwenye mkutano wa wanachama, wengi wenu mlikuwepo, akasoma huo mstari kwa sauti, na Philip Ndambuki aliyechunga mtambo huo miaka tisa alipoapa kwamba ni stima iliyopotea, akaambiwa na dada yetu kwamba yeye ni mwongo. Philip alifutwa kazi siku hiyo hiyo, na watoto wa njia hii wakampa jina, "Philip Swichi, umelala?" nao hawajaacha.

Mwezi Januari 2024 Mwongeli alirudi kwenye mistari ile ile ya programu akitafuta kosa lingine, akaona alichoulizwa na Githinji. Kompyuta ya mtambo ina sehemu kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja, moja ilichukua nafasi ya zamani kwenye daftari, iliyokuwa bado na habari ya asubuhi, ikaandika saa ya mchana, ikaweka alama kwamba iko tayari kabla ya kuandika habari yenyewe, na nyingine ikawahi kuinakili hivyo hivyo, saa ya mchana juu ya habari ya asubuhi, na asubuhi Philip alikuwa amezima swichi aoshe tangi, kama alivyotakiwa kila siku. Habari iliyochelewa kuandikwa ilikuwa ni stima kupotea.

Kampuni ilirekebisha programu, jina la Philip haikulirekebisha. Mwongeli alikuja kwake mara mbili, mkewe Rachael akamwambia mlangoni, "Amesema ukaongee na logi yako." Mara ya tatu, mwezi Machi, alimkuta akikamua, akamweleza yote, na Philip bila kugeuka akasema, "Uliponiita mwongo uliita watu wote. Leo unaniambia mimi na ng'ombe."

Aliahidi kusema kwenye mkutano wa chama, akaahirisha Aprili, akaahirisha Julai, na familia haitasingizia ugonjwa, wakati huo alikuwa mzima, ilikuwa ni kiburi, na yeye mwenyewe alikiita hivyo. Septemba 2024 alipatikana na saratani ya kongosho, akatibiwa Thika na Nairobi, mguu ukakataa safari, na tarehe 9 Mei 2025 saa nne asubuhi akatuacha, akiwa amemwagiza Kaleli kwamba yasemwe hapa, kwa watu wale wale.

Basi yanasemwa. Philip Ndambuki hakuzima swichi, hakulala, hakudanganya, aliyekosea ni Mwongeli. Philip, umesimama pale kwenye ua na hatukuombi useme kitu. Lile jina ulilobandikwa, marehemu ameomba lishuke naye kaburini, na anayelitaka tena alifukue mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Membley na Kalimoni, wenzake wa kazini, na wewe Githinji, uliyeuliza swali la haki ukachekwa.

Dada yetu, yamesemwa mbele ya watu. Sasa pumzika.