Maisha ya Mzee Bulaimu Sudi, Mchoraji wa Bendera ya Nuru

Ndugu na majirani, kabla jeneza halijainuliwa, tusikilizeni. Ninayesoma ni Sharifa, binti yake wa kwanza. Hata ninyi mliosimama nje ya uzio mtasikia, sauti yangu mnaijua.

Marehemu Bulaimu Sudi alizaliwa Tunda, upande wa Kibombo, tarehe 4 Juni 1921, mtoto wa mkulima wa mpunga. Alisoma chuo cha Kurani, na kuandika kukampendeza kuliko jembe. Siku moja alijaza herufi za mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake. Mama alimchapa sawasawa, kisha akakataza mtu yeyote asiufute ukuta ule.

Mwaka 1943 alikuja Kindu, akaajiriwa kwenye karakana ya reli, kazi yake kupaka namba kwenye mabehewa. Jioni aliandika aya juu ya milango ya watu. Mwaka 1949 alimwoa Mwavita, mama yetu, ambaye amepigana na madoa ya rangi kwenye mashuka yake maisha yote.

Mwaka 1962 ndugu wa zikiri ya Nuru walimfanya mlezi wao. Alitoa nyumba ya kukutania, akanunua madufu, na kila Alhamisi jioni wali ulitoka jikoni kwake. Aliwachorea bendera ya kijani yenye Majina ya Mungu kwa rangi nyeupe. Aliyekufa katika Nuru alifunikwa bendera ile, akabebwa. Wazazi wenu walibebwa hivyo, na marehemu alishika mbele.

Mwezi wa Novemba 1974 mgeni mkubwa wa Chama kinachotawala alitazamiwa Kindu, na kitambaa cha kijani cha kushonea bendera ya Chama, ile yenye mwenge, hakikupatikana mjini. Mkubwa mmoja, jina lake silitaji, tuko wengi hapa, aliingia uani kwetu.

"Baba Bulaimu, hii rangi njo ya Chama. Paka mwenge pale katikati."

"Lakini iko na Majina ya Mungu, mukubwa."

"Usipopaka, nyumba yenu ya zikiri tunaifunga kesho."

Marehemu alipaka. Alichanganya rangi nyepesi, akamwambia mama, "Mwavita, usilie. Hii ni rangi yangu, naijua. Mgeni akiondoka nitaitoa." Mgeni aliondoka. Baba akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akasugua. Mwenge ulitoka, na Majina yakatoka nao. Lilibaki doa kubwa.

Ninyi wa Nuru mlisema ameyafuta Majina ya Mungu kwa mkono wake. Mkaondoka, mmoja mmoja. Nyumba mliyokuwa mkikutania ilibaki wazi kwa sababu yake, na hamkuingia tena! Kila Alhamisi alipika, akakaa mlangoni na kanzu yake safi, na wali ukarudi jikoni. Jamani, miaka kumi na miwili.

Mwaka 1985 kifua kilimshika. Hospitalini tuliambiwa dawa hakuna, tukarudi naye nyumbani. Juzi aliomba bendera na brashi. Alitaka kuyarudisha Majina yote. Aliweza kuandika alifu moja tu, herufi ya kwanza, imepinda, katikati ya doa. Akaitazama, akasema, "Hii nayo watasema mbaya." Alifariki jana Alhamisi, tarehe 12 Machi 1987, saa ya zikiri. Nje kulikuwa kimya.

Ameacha mjane, Mwavita, na watoto watatu: mimi Sharifa, Safi na Hamisi, na wajukuu. Mlezi hakuacha mrithi katika Nuru, kwa kuwa hakuna aliyekuja kupokea.

Bendera iko juu yake sasa, na doa lake na alifu yake. Hatutaiondoa ili mpate kubeba. Hamisi ameshika mbele, shemeji yake nyuma, na upande mmoja hauna bega. Anayetaka aingie, anayekataa asimame hapo hapo atazame.

Alale, baba yetu. Anakokwenda, hakuna wa kumwamuru apake.