Urbanus Mulei, Aliyezisagia Pande Zote Mbili

Ndugu waombolezaji, kabla hatujafika kwenye kuzaliwa kwake, familia imeona vyema kuanza na jambo moja ambalo marehemu alilifikiria hadi siku zake za mwisho bila kulipatia jibu, nalo ni hili: kuanzia Februari 1953 hadi Novemba 1954, kila Jumatano asubuhi alipokuja kufungua kisiagi cha unga cha Mugutha, alikuta gunia moja la mahindi limeegemezwa mlangoni, halina jina, halina alama, halina mwenyewe. Alilisaga, jioni akauacha unga wake pale pale mlangoni, na alipokuja Alhamisi haukuwepo. Miaka hiyo unga uliokwenda msituni kwa wapiganaji ulimfikisha mtu kwenye kitanzi, na unga walionyimwa watu wa msituni uliweza kumletea mtu wageni wasiobisha hodi, wala yeye hakujua kama gunia lile lilikuwa lao, au la walinzi wa serikali waliotaka kumnasa, au la mama fulani tu mwenye watoto wengi na woga mwingi. Baadhi yetu tulimwuliza kwa nini alilisaga, akajibu kwamba yalikuwa mahindi. Kama mwenye gunia yuko hapa leo, hatumwombi ajitaje.

Urbanus Mulei Kaleli alizaliwa mwaka 1911 huko Kyanzavi, mashariki ya Thika, mtoto wa pili wa mzee Kaleli wa Mbaluka na mama Mukonyo, siku yenyewe haikuandikwa, ila mama yake alikuwa akisema ilikuwa msimu wa mbaazi na kwamba alitoka shambani akiwa bado na maganda mikononi. Dada yake mkubwa, Syokau, ambaye yuko nasi, ndiye aliyembeba mgongoni. Alianza masomo mwaka 1920 katika shule ya misheni ya huko, si ya dhehebu la hapa, akabatizwa sikukuu ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 1924, na mwisho wa mwaka huo akamaliza darasa la nne, akijua kusoma, kuandika, hesabu za kugawanya, na kukaa kimya, jambo ambalo mwalimu wake aliliandika kama sifa.

Mwaka 1926 aliajiriwa katika kiwanda cha mkonge karibu na Thika, kwanza kama mtia mafuta mashine, kisha msaidizi wa fundi wa injini, na kwa miaka kumi na miwili alijifunza kusikiliza mashine jinsi daktari anavyosikiliza kifua, hata akaweza kusema kabla ya fundi mwenyewe kwamba mkanda umelegea au vali inavuja.

Jinsi alivyofika Mugutha inahitaji maelezo, kwa kuwa vijana wa leo hawakuiona. Mwaka 1934 Wakristo wa kilima hiki walichangishana, wakanunua kisiagi kwa pamoja, na mwaka 1936 wakagawanyika, nusu wakabaki katika kanisa la misheni na nusu wakajitenga, wakajenga kanisa lao na shule yao upande wa pili wa kijito, kila nusu ikiamini kwamba ndiyo iliyobeba haki, nasi hatukukutana hapa kuamua. Waligawana mabenchi, wakagawana sufuria za karamu, kengele ikabaki kwa waliobaki na mnyororo wake ukaenda na waliojitenga, hivyo kwa mwaka mzima kengele ilipigwa kwa nyundo. Lakini kisiagi hakikugawanyika, maana jiwe moja halisagi, na hakuna upande uliokubali mtu wa upande wa pili ashike funguo. Kikakaa kimefungwa karibu miaka miwili, wanawake wakirudi kwenye mawe ya kusagia, mpaka wazee wakakubaliana jambo ambalo huenda lisingefikiriwa kwingine, kwamba atafutwe mgeni, asiwe Mkikuyu, asiwe wa kanisa lolote kati ya yale mawili, aajiriwe kwa sharti la kutokuwa na upande. Mulei alianza kazi tarehe 3 Mei 1938. Jumatatu na Alhamisi alisagia waliobaki, Jumanne na Ijumaa waliojitenga, Jumatano wapita njia na vibarua wa mashamba ya kahawa, Jumamosi alisafisha mashine. Wanawake walimtania kwenye foleni wakimwuliza, "Mulei, leo sisi ni wa Mungu gani?" naye akiwajibu, "Leo ni Jumanne."

Tarehe 16 Septemba 1939 alimwoa Idah Waceke, binti wa mzee Gathogo, na ndoa hiyo ilileta maneno mengi, kwa sababu watu walisema mgeni akishaoa anapata upande. Mzee Gathogo aliwanyamazisha kwa kusema kwamba mwanawe mkubwa, Zacharia, amebaki, na mwanawe mdogo, Tobias, amejitenga, kwa hiyo anayeoa kwake amepata shemeji kotekote na mizani iko sawa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Mukonyo aliyezaliwa 1940, Nyakio aliyezaliwa 1943, na Kaleli, ambaye tutamtaja mahali pake.

Ilipotangazwa hali ya hatari, Oktoba 1952, mpasuko wa kanisa ulikuwa umeshachimba mfereji, na vita vilipita humo humo kama maji. Tobias aliingia msituni Januari 1953, na mwezi uliofuata Zacharia alishika bunduki ya walinzi na kuwa mkubwa wa kituo. Marehemu, ambaye alivitazama vita hivyo kutoka mlango mmoja kwa miaka minne, alikuwa akisema kwamba hasira huanzisha vita lakini haiwezi kuvilisha, kwamba pande zote mbili zililishwa na wanawake wale wale, kwa unga ule ule, na kwamba aliyetaka kujua nani atapigana wiki ijayo angehesabu madebe tu. Walinzi walikula kuku na unga waliotozwa kila nyumba, na handaki lao lilichimbwa na akina mama kwa zamu, wakichomeka miti iliyochongwa. Watu wa msituni walikula kilichofichwa chini ya kuni na majani ya ng'ombe, na nguo, chumvi na dawa zilipita njia hiyo hiyo, kila aliyetoa akiwa ameapishwa asiseme.

Zacharia alikuja mchana, akaketi juu ya gunia, akasema, "Shemeji, niandikie tu majina ya wanaosaga zaidi ya watoto walio nao." Tobias hakuja, alimtuma bibi mmoja kizee aliyejifanya kupungukiwa na pumzi mpaka watu wakatoka, kisha akamwambia Mulei kwamba shemeji yake anaomba debe moja libaki katika kila gunia. Wote wawili Mulei aliwapa jibu moja, "Mahindi hayana kanisa," na kwa jibu hilo alipigwa mara mbili mwaka 1953, Aprili na kituo, Agosti na watu ambao nyuso zao zilifungwa vitambaa. Walinzi walimwita popo, si ndege si mnyama, na waliofunga nyuso, kama walikuwa wamesikizana, walimwita jina hilo hilo.

Machi 1954 bomba la maji la injini liling'olewa, na sote twajua kwamba mabomba siku hizo yaligeuka bunduki, naye akaweka la mwanzi, likadumu. Mei mwaka huo kituo kilichukua mkanda wa mashine ili msitu ufe njaa, kisiagi kikanyamaza wiki tano, na wiki ya tatu wake wa walinzi walianza kuwauliza waume zao kama wao ndio msitu. Mkanda ulirudishwa Jumapili ya tano, umekunjwa vizuri juu ya kizingiti, bila neno.

Juni 1954 watu walihamishiwa kwa lazima katika kijiji kimoja, nyuma ya handaki, na hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo marehemu hakuyazungumza. Waceke na mabinti waliingizwa ndani, lakini yeye, kwa kuwa alikuwa Mkamba, aliamriwa akae Thika na kuja kazini kwa kibali, mchana tu. Alimwomba Zacharia amruhusu aingie kijijini akae na mkewe, akisema yuko tayari kuhesabiwa kama wao, na Zacharia alimjibu kwamba amri haikuwa yake, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ambalo Zacharia ametueleza wiki hii kwamba halijampa usingizi mzuri. Mulei akapanga chumba Makongeni, akanunua sufuria moja, na kwa miaka miwili na miezi minane alimwona mkewe siku ya Jumatatu, kwenye foleni ya unga, mlinzi akiwa amesimama katikati yao. Aliuliza, "Unataka laini?" naye akajibu, "Laini." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya nyumba yao. Waceke anasema kwamba kila Jumatatu alichelewa makusudi awe wa mwisho, na kwamba mumewe alikuwa akikaza jiwe ili debe lake lichukue muda mrefu.

Mwana wao, Kaleli, alizaliwa kijijini tarehe 2 Oktoba 1954, na baba yake alimwona mara kumi na nne, mgongoni mwa mama. Jumatatu ya kumi na tano, Januari 1955, Waceke alikuja na debe lake, akageuka kulipakua, na mgongo ulikuwa mtupu. Foleni nzima ilikuwa inajua. Mlinzi wa siku hiyo, kijana ambaye hatutamtaja, alitoka nje akawapa kisogo, nao walisimama pamoja mpaka debe likaisha, kisha Mulei akazima injini kwa mara ya kwanza katikati ya siku ya kazi, akaiwasha tena kwa kuwa siku ya pili ilikuwa Jumanne, zamu ya upande mwingine.

Tobias alikamatwa Julai 1955, akapelekwa kizuizini, na vita kwenye kilima chetu vikapungua kama moto usioongezwa kuni. Februari 1957 Mulei alipata kibali cha kuishi na familia yake, akahamisha sufuria yake, akajenga nyumba ndogo ya mabati nyuma ya boma la mzee Gathogo, ambaye alikuwa ameshafariki. Lakini wakati Tobias yuko kizuizini mashamba yaliunganishwa, na vipande vya baba yao viliandikwa vyote kwa jina la Zacharia, hivyo Tobias aliporudi Machi 1958 alikuta hata mahali pa kukalia ni pa kuomba. Ndugu hao hawakusemezana tangu hapo. Kila mmoja alikuja kisiagini kwa siku yake, kila mmoja akamlalamikia Mulei kwa saa nzima, naye akawasikiliza wote kwa uso mmoja.

Kifua kilianza kumsumbua mwishoni mwa 1957, vumbi la unga la miaka ishirini, akalazwa Thika Agosti 1958 na tena Mei mwaka huu. Aliendelea na kazi hadi tarehe 26 Juni, alipokaa chini kati ya magunia na kushindwa kuinuka. Alifariki Jumanne tarehe 14 Julai 1959, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minane, mkewe akiwa kitandani pembeni yake, kwa kuwa wauguzi walimruhusu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Thika, hasa kwa ruhusa hiyo. Tunamshukuru mama Nelima wa Makongeni, ambaye kwa miaka miwili na miezi minane alimpelekea mboga jirani asiyepika zaidi ya uji, na ambaye alijua yote na hakuuliza. Tunawashukuru wenzake wa zamani wa kiwanda cha mkonge waliotoa lori, na makanisa yote, yaliyobaki na yaliyojitenga, kwa kukubali kuimba kwa zamu.

Imebaki familia iseme yaliyoamuliwa kuhusu kaburi, kwa kuwa kumekuwa na maswali. Alhamisi ndugu zake walifika kutoka Kyanzavi na lori hilo ili wampeleke kwao, na wazee wa Mugutha nao walikuwa wameshindwa kusema alazwe makaburi ya kanisa lipi, maana kumlaza upande mmoja ni kumpa upande aliokatazwa kwa miaka ishirini na mmoja. Waceke alisema kwamba mume wake haendi Kyanzavi wala kanisani, kwamba alishamwona kwa foleni miaka ya kutosha, sasa atakaa nyuma ya nyumba yake. Syokau alijibu kwa niaba ya ukoo kwamba mke akisema hivyo, hawana la kuvutana. Ikabaki ardhi. Zacharia alisema ardhi iko kwa jina lake, naye hakatai. Tobias, bila kumtazama, alisema mtu hawezi kutoa kisicho chake. Waceke akawaambia, "Basi nipeni nyote wawili, kila mtu anipe hicho anachosema ni chake." Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wazee wakasema imekaa vizuri.

Ikaamuliwa hivyo, kwamba kipande kile, hatua thelathini kwa ishirini, nyumba na kaburi, ni cha Idah Waceke na mabinti zake, Zacharia atakwenda kukiandikisha na Tobias atatia kidole kama shahidi. Na kwa kuwa hakuna kati yao aliyekubali mwenzake apime peke yake, kaburi wamelichimba wao wawili, jana, kuanzia asubuhi mpaka saa nane, mmoja akiwa shimoni na mwingine juu, wakipokezana jembe bila kusemezana, na walipofika kina cha kutosha Tobias alikuwa chini, na aliyempa mkono akatoka ni Zacharia.

Mulei wa Kaleli, amani ya Bwana ikutunze, na upumzike hapa, nyumbani kwa mkeo.