Kiungo wa Sydney

Basi la uwanja wa ndege lilikuwa limeshavuka mji wa Athlone, mahali ambapo abiria wake huacha kufuta machozi na kuanza kupiga soga. Nuala, nesi mstaafu, akatega sikio. Kwenye siti ya mbele yake, Cathal, mhandisi aliyekosa kazi, alikuwa akizitaja digrii zake.

"Digrii tia begini, kaka," alisema jirani yake, mkazi wa Sydney. "Huko tuendako nako ujenzi umedorora. Kazi anagawa kocha wa timu yetu ya Waairishi. Mpira unacheza?"

"Kiungo!"

"Miguu mizima?"

"Mizima kabisa, bosi."

"Basi Jumatatu uko kazini."

Basi liliposimama, jirani alinyanyuka.

"Tangulia, nafunga kamba," alisema Cathal.

Viatu vyake havikuwa na kamba. Nuala alimwona akilinyanyua goti la kulia kwa mikono miwili.