Mama Mizani na Koti la Fundi Makufuli

Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, mfamasia wa kitengo chetu cha majaribio ya dawa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Wachache wanalijua jina lililo kwenye faili lake. Kwetu sisi ni Mama Mizani.

Alianzia chumba cha chini ya ngazi, akihesabu vidonge kwa kijiko cha plastiki. Tangu hapo amekataa katakata kugawa dawa kwa kipimo kimoja kwa wote. Kila mgonjwa sharti apigiwe hesabu yake: uzito, figo, matokeo ya damu. Madaktari bingwa wamewahi kusimama dirishani pake kama wanafunzi waliosahau daftari. Mumewe analalamika kwamba hata sukari ya chai hupimiwa kwa kilo zake.

Miaka sita iliyopita tulimpokea mzee mmoja, fundi makufuli, kwenye jaribio la dawa ya moyo. Mizani ilisoma kilo hamsini na nne, akapangiwa dozi ya uzito huo. Wiki ya pili akaanza kutetemeka na kuona maluweluwe. Daktari alidhani ni ugonjwa wenyewe, akaandika dozi ipandishwe. Mama Mizani alifunga dirisha la dawa, akasema hatoi hata kidonge mpaka mzee apimwe upya mbele yake.

Koti la mzee lilipovuliwa na kutundikwa, msumari ulipinda. Mifukoni mlikuwa na makufuli manane ya chuma. Mzee alikuwa amesikia kwamba walio chini ya kilo hamsini hawapokelewi, na hakuwa na tumaini lingine. Alikuwa na kilo arobaini na sita tu.

Dozi ilishushwa siku hiyo hiyo. Kisha Mama Mizani akaiandikia kamati ya jaribio barua tatu, akiomba mzee abaki kwa dozi yake ndogo. Wakakubali.

Nesi aliyempima mzee na koti lake ni mimi. Nilijua kazi imeota mbawa. Mama Mizani hakuficha kosa. Aliliandika lote kwenye ripoti, akajitaja yeye kwanza kwa kutouliza. Halafu akanifundisha kupima upya, kuanzia viatu. Sijawahi kumshukuru hadharani. Leo namshukuru.

Mzee atahudhuria sherehe. Jana nilimpima mwenyewe, bila koti: kilo hamsini na tatu, zote zake.

Ahsante, Mama Mizani. Kapumzike kwa raha na afya tele, na mumeo umwachie sukari ajiwekee.