Anayemsifu Mwenzake Aoshe Vikombe

Kijiwe chetu kina benchi lenye mguu mmoja wa matofali, birika la kahawa na sheria moja tu: ukimsifu mtu hapa, unaosha vikombe vyote. Tuliitunga wenyewe, tukasema sifa zinaharibu watu. Sasa asubuhi ile Fundi Viatu, ambaye hushona palepale pembeni ya benchi, akatuambia bila haya kwamba binti yake anasoma vizuri. Binti mwenyewe ana miaka tisa, na darasani alichekwa mpaka akaacha kabisa kufungua mdomo. Jumatatu mwalimu atamsikiliza akisoma. Akinyamaza tena, anarudia darasa. Kwa hiyo kila jioni baba yake anamfundisha nyumbani, na kila akijitahidi anamsifu. Hapo ndipo tulipomvamia.

— Vikombe hivyo vinakusubiri, Fundi — akasema Breki, makanika. — Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Binti yangu hagemi. Anasoma.

— Anasoma wapi? Juzi si ulisema neno la herufi nne limemtoa jasho?

— Tatu alizipata. Nikamwambia, mwanangu, tatu umezipata peke yako, hiyo ya nne twende tukaitafute. Tukaipata.

— Ungemzaba kibao angezipata zote nne — akadakia Msumari, seremala wetu. — Samaki mkunje angali mbichi.

— Wamemkunja mwaka mzima huko shuleni. Ametoka bubu.

Profesa, tunayemwita hivyo kwa sababu ya miwani wala si shule, akaweka kikombe chini. Akaeleza kwamba ubongo wa mtoto una vyumba viwili, cha sifa na cha hesabu, ila mlango ni mmoja. Sifa zikitangulia kuingia, hesabu zinalala nje. Breki akaongeza kwamba zipo nchi ambazo watu wake husifu watoto ovyo, na madaraja yao yote yameanguka. Nikamuuliza nchi zipi. Akasema ndizo hizo ambazo siku hizi hatuzisikii.

Msumari hakutaka kupitwa.

— Halafu unajichosha bure, ndugu yangu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu hautaki ada.

— Wewe ulimwengu umekufunza nini?

— Kunyamaza mbele ya wakubwa.

— Basi mimi wangu nataka aongee.

Fundi akainuka, akakusanya vikombe vyote, hata changu kilichokuwa na kahawa. Alinikera, na papo hapo nikampenda.

— Nitaviosha leo, na kesho nitaviosha. Na Jumatatu akinyamaza mbele ya mwalimu, nitamwambia amefika mpaka pale mbele kwa miguu yake, na hilo nalo si dogo. Chanda chema huvikwa pete. Nyie mnangoja kikatwe ndipo mseme kilikuwa chema.

Pembeni alikuwepo mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, akisubiri mkanda wa kiatu chake ushonwe. Tulikuwa tumemsahau. Akauliza taratibu tu, kama mtu anayeulizia njia:

— Samahanini, baba zangu. Watoto wenu wakikwama kwenye masomo, humwambia nani?

Breki akasema labda mama yao, kisha akasema hana hakika. Profesa akavua miwani akaanza kuifuta, ingawa haikuwa chafu. Mimi nikaangalia barabarani. Tulimgeukia Msumari, maana ana watoto wanne na jibu halijawahi kumpotea. Akajibu kwa sauti ya chini sana.

— Wangu mkubwa akisikia nyayo zangu anafunga daftari, anazima taa. Anajifanya amelala.

Hakuna aliyekuwa na methali.