Prosper Keraryo na Mipaka Aliyoivuka

Wapendwa, Mungu asifiwe kwa uhai aliompa ndugu yetu, na kwa ninyi mliofika kumsindikiza.

Prosper Keraryo Mugeta alizaliwa Butiama tarehe 14 Aprili 1958, mtoto wa nne wa mzee Keraryo na mama Sara, akachunga ng'ombe wa baba yake, akasoma hapo hapo Butiama hadi darasa la saba mwaka 1974. Mwaka 1977 alianza kazi ya utingo kwenye malori ya pamba Bunda, baadaye akawa dereva, na tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Marieta kanisani hapa Musoma, Mungu akawajalia Evance, Debora na Stellah, na wajukuu saba.

Mwaka 1996 alihamia Nyakato, hapa hapa Musoma, akaanza kusafirisha dagaa wakavu wa Kiriba, kule kando ya ziwa, kwenda Kenya, Uganda na Rwanda, na kila akirudi, kabla hata ya kunawa, alizipanga nchi kama mwalimu anavyopanga wanafunzi, ipi barabara yake inapitika, ipi haicheleweshi mzigo mpakani, ipi inatunza misitu na maji yake, na Tanzania akiiweka ya pili daima, akidai mtoto wa nyumbani akipewa ya kwanza atalewa sifa. Mkewe alizoea kumchokoza, "Baba Evance, unapangaga nchi za watu, na hapa nyumbani tumekuwa wa ngapi?" naye akijibu, "Kwa ugali mmeongoza, na kwa kelele pia."

Novemba 2009 aliogopa mvua, akafunga dagaa wote kwenye mifuko ya plastiki, akafika mpaka wa Rusumo akiwa amesahau kwamba Rwanda mifuko hiyo imekatazwa, akaamriwa aifungue yote, mvua ikanyesha, mzigo ukaoza. Alirudi kwa hasira akaiweka Rwanda mkiani, lakini baada ya kuomba na kutafakari akaipandisha ikawa ya kwanza, maana, alisema, ziwa letu nalo limechoka kumezeshwa plastiki. Tangu hapo aliwabembeleza akina mama wa Kiriba waanike dagaa kwenye vichanja, si mchangani, na wafunge kwa magunia, akitamani mzigo wa Kiriba usirudishwe tena popote.

Machi 2024 figo zilianza kumsumbua, gari akamkabidhi Debora, na mapema Februari 2025, mwenyewe akiwa amelazwa hospitalini hapa Musoma, Debora alipeleka Rusumo mzigo wa kwanza bila yeye. Prosper hakulala vizuri. Ijumaa mchana simu iliita, "Baba, tumepita, hawakurudisha hata gunia moja," akacheka, akaomba uji, akasema, "Basi, na mimi nivushwe sasa." Jumapili tarehe 9 Februari, kengele ya ibada ikilia, alilala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nyakato, madereva wenzake, na akina mama wa Kiriba waliokuja na magunia yao tuyakalie leo.

Prosper, kapumzike kwa amani, mzigo umefika.